Udongo Uliochemka

Kama umewahi kumwona mtu anayerudi mara tatu kuhakikisha amefunga mlango, nusu ya Mama Chekeche umeshaijua. Nusu nyingine ni hii: mtu huyohuyo, anayeogopa jiko la mafuta, radi, mbwa wa jirani na kikohozi cha binti yake, akishakuwa na hakika na jambo, hata umfunge kamba umkokote hasogei.

Jina la Chekeche alilipata kazini. Kituo cha udongo kilikuwa jengo refu la matofali lenye bati lililopauka kwa jua, na chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo cha wafanyakazi. Humo alikaa miaka kumi na moja. Udongo uliletwa katika mifuko ya karatasi, kila mfuko na lebo yake. Aliuanika kwenye trei, akaponda vibonge kwa mchi wa mbao, akatoa vijiti na kokoto, kisha akauchekecha mpaka ukawa laini kama unga. Jioni alitoka mwekundu hadi kwenye kope. Binti yake akimfungulia mlango humwambia, "Shikamoo udongo. Mama yangu umemwacha wapi?"

"Amekuja nyuma, anasukuma mkokoteni," hujibu, huku anaangalia kama kitasa kimekaa sawa.

Shule aliisoma miaka saba tu. Mengine alifundishwa na fundi wa mashine, mzee mmoja mpole aliyestaafu mwaka juzi. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuchoma: inachukua udongo kidogo kuliko chumvi ya kuonja mchuzi, inauunguza, halafu inasema ndani yake kulikuwa na kaboni kiasi gani na naitrojeni kiasi gani. Kaboni, mzee alimweleza, ni mabaki ya vilivyokufa: majani, mizizi, samadi, wadudu. Ndiyo inayoufanya udongo ushikane na kunywa maji. Naitrojeni ndiyo inayoyapa majani rangi ya kijani na kuinenepesha punje. Na kwa kuwa zote mbili zimetoka kwenye vitu vilevile vilivyooza, huwa zinatembea pamoja.

Mzee alimfundisha na jambo moja zaidi. Katika nchi kavu kama ile, mvua ni chache mno kuiosha chokaa iliyomo ardhini. Chokaa nayo ina kaboni yake, kaboni ya mawe, isiyolisha hata mchwa. Mashine haina akili ya kutofautisha. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, kila kikombe cha udongo hudondoshewa matone ya asidi. Chokaa ikiwepo, udongo unachemka kama soda iliyotikiswa, kaboni ya mawe inatoka hewani, unabaki na ile ya kweli. Kazi ya matone ilikuwa ya Mama Chekeche. Aliipenda kuliko zote kwa sababu ilimpa sauti katika chumba kisicho na redio.

Kisha akaja Mkuu mpya. Alikuwa kijana bado, mwenye viatu safi na adabu zake, aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi za mvua. Wiki ya kwanza alipitia orodha ya kazi akiwa na kalamu, na alipofika kwenye matone akapiga mstari. "Hii inatuchelewesha siku nzima," akasema. "Mashine ya sasa haihitaji." Chupa ya asidi ikapelekwa stoo.

Hapo ndipo yalipoanzia.

Mama Chekeche alikuwa na ardhi. Ekari mbili na kidogo mtelemkoni, zilizokuwa za marehemu mumewe. Mume alipofariki, miaka tisa iliyopita, ardhi ile ilikuwa imelimwa mpaka imechoka. Ukikanyaga, vumbi, mvua ikinyesha, maji yanakimbia juu yake kama juu ya meza. Akazungusha matawi ya miiba, akawafungia mbuzi nje, akaiacha. Mwaka wa kwanza yaliota magugu, naye akalia. Mwaka wa tatu nyasi zilianza kushikana mikono. Mwaka wa tano miti midogo ya miiba iliinua vichwa, na mzee wa mashine akamwambia aiache, kwani mizizi yake ina vinundu vinavyoikamata naitrojeni ya hewani na kuiingiza ardhini, kama yafanyavyo maharage. Nyasi alizikata kwa mundu, akawapelekea mbuzi wake zizini. Kung'oa alikataa. Hata jani moja.

Watu walimcheka hadi wakashika mbavu. "Wenzako wanalima chakula, wewe unalima majani!"

"Ndiyo, na yamestawi," anajibu. "Na wewe mahindi yako yakoje?"

Aliyecheka zaidi ya wote ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeitwa Bwana Plau. Yeye alisimamia trekta la mradi wa kilimo, na kila alipoona nyasi aliona uvivu. Sehemu yake ilipakana na ya Mama Chekeche, ua wa miiba katikati. Aliilima kila mwaka, na mwaka huu aliizamisha plau mpaka kwenye tabaka jeupe la chini. Mabonge meupe yakatapakaa juu. "Mnaona inavyong'aa?" aliwaambia watu. "Ardhi imeamka usingizini!" Kisha akawaita watu wa kituo waje kupima sehemu tatu: shamba lake la plau, malisho ya wazi ya kijiji, na mtelemko uliopumzishwa. Patakapoonekana kaboni nyingi zaidi, mradi utafuata njia hiyo kwenye mashamba yote.

Jumatatu matokeo yalibandikwa ubaoni, kwenye ukumbi wa kituo. Mama Chekeche aliyasoma akiwa na fagio mkononi. Kaboni, kwa kila mia: shamba la plau, moja nukta tisa. Malisho, sifuri nukta tano. Mtelemko wake, sifuri nukta tisa. Chini yake mhuri, na chini ya mhuri maneno kwamba trekta la mradi litaanza na mtelemko uliopumzishwa, Jumamosi asubuhi.

Alisoma tena, safari hii safu ya naitrojeni. Kisha akaegemeza fagio ukutani na kwenda kugonga mlango wa Mkuu.

"Karibu, mama. Maji yamekatika tena?"

"Maji yapo, Mkuu. Ile karatasi ya ubaoni ina kasoro."

Mkuu akatabasamu. "Kasoro gani?"

"Shamba la plau. Kaboni imepanda, naitrojeni ndiyo ya chini kuliko zote. Hawa wawili ni kama mama na mtoto mgongoni. Mama akiwepo na mtoto yupo. Hapa naona mama mnene hana mtoto. Huyo si mama, Mkuu. Ni jiwe limevishwa gauni."

"Mama, mashine ile inasoma mpaka nukta ya nne."

"Inasoma ilichopewa. Tumeipa chokaa. Hatukuweka matone."

"Nimeshika udongo miaka kumi na miwili, sijaona hata siku moja udongo unachemka."

"Huko ulikokuwa mvua inanyesha miezi mingapi?"

"Karibu kila mwezi."

"Basi chokaa yenu ilishaoshwa zamani. Ya kwetu haina wa kuiosha."

Tabasamu likamwisha. Alizungusha kalamu, akasema taratibu, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Mama, kazi yako ni kuchekecha. Ripoti imeshakwenda."

Alitoka. Mama Chekeche akaingia chooni, akafungulia bomba la maji. Alifikiria kazi yake, ada ya binti, umri wake. Kisha akanawa uso, na akiwa ananawa akagundua kwamba alikuwa na hasira kuliko woga. Ilimshangaza, maana haikuwa kawaida yake.

Nyumbani binti alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, watakufukuza."

"Wafukuze."

"Halafu tutakula nini?"

"Ndilo swali ninalojiuliza tangu saa nne asubuhi. Nikichoka kujiuliza nitakupa jibu. Niletee chupa ya siki."

Jumanne jioni, jua likiwa bado juu, familia ilikaa kikao nyumbani kwa mama mkwe. Sebule ilikuwa ndogo, viti vinne vya mbao na mkeka, kuta zimepakwa chokaa nyeupe iliyoanza kubanduka kwenye pembe. Mama mkwe, macho yake yameingia ukungu, alikaa kwenye kiti chenye mto. Ardhi yote ilikuwa bado katika jina la baba mkwe, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake. Bwana Plau alisimama katikati, karatasi ya kituo mkononi.

"Mama, mimi sina maneno mengi. Karatasi imesema. Na karatasi imetoka kazini kwake mwenyewe! Shemeji, au unaikana ofisi yako?"

"Siikani. Naomba sahani mbili."

"Sahani? Tumekuja kula?"

Watu wakacheka. Mama Chekeche hakucheka. Alifungua vifuko viwili vya karatasi, akamimina udongo, wa mtelemko wake kwenye sahani moja, wa shamba la shemeji kwenye nyingine. Alifungua siki. Akaitia kwenye udongo wake: ukalowa, ukanyamaza. Akaitia kwenye ule mwingine, nao ukavuma, ukatoa povu, viputo vikapanda hadi ukingoni.

Kisha Bwana Plau akapiga makofi. "Mnaona? Wangu una nguvu! Wake umekufa, hata kusalimia hausalimii!"

Vicheko vikalipuka upya, hata binti alijificha uso. Mama Chekeche aliinuka. Alikwenda kwenye pembe ya ukuta, akabandua kipande cha chokaa kwa ukucha, akakiweka kwenye kisahani, akakimiminia siki mbele ya pua ya shemeji yake. Kikachemka kwa kelele kuliko udongo.

"Ukuta wa mama nao una nguvu," akasema. "Haya, shemeji. Lete trekta ulime sebule. Panda mahindi ukutani tuone utavuna magunia mangapi."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mama mkwe, aliyecheka peke yake mpaka akakohoa.

"Plau yako imechimbua mawe ya chini ikayaleta juu," Mama Chekeche aliendelea. "Mashine imeyahesabu mawe ikayaita rutuba. Kile kilichokuwa rutuba umekianika juani kila mwaka, kimeungua na kupeperushwa na upepo. Mtelemko wangu haulimwi. Si Jumamosi hii, wala nyingine."

"Huo mtelemko ni wa ukoo, shemeji. Usijisahau."

"Nyamazeni," alisema mama mkwe. "Macho yangu hayaoni vizuri, lakini masikio yapo. Nimeusikia ukuta wangu ukichemka." Akamgeukia Mama Chekeche. "Lakini mwanangu, siki ya jikoni siwezi kuipeleka kwa watu wa mradi. Wao wamekuja na mhuri. Kabla ya Jumamosi niletee karatasi nyingine yenye mhuri uleule. Ukiileta, ardhi ni yako, na hakuna atakayeigusa nikiwa hai. Usipoileta, trekta litaingia, na mimi usinilaumu."

Jumatano asubuhi Mama Chekeche alifika kazini mapema. Alifagia chumba, akapanga trei, akafuta vumbi dirishani. Kisha akalitundika chekeche kwenye msumari wake, akakaa kwenye benchi, mikono mapajani.

Mifuko ilianza kuingia. Kumi. Ishirini. Kufika saa sita mifuko ilikuwa imejaza meza na kushuka sakafuni. Mkuu alikuja kuangalia.

"Mama, unaumwa?"

"Mzima."

"Mbona huchekechi?"

"Nichekeche nini, Mkuu? Nichekeche mawe mje muyaite rutuba?"

"Huku ni kugoma."

"Kama hivyo ndivyo kunavyoitwa."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika. Ila uandike na sababu, kwamba nilidai matone. Na upige mhuri."

Mkuu aliondoka akiubamiza mlango. Mama Chekeche alibaki akitazama mifuko, na kila mfuko ulioingia ulimkaa kifuani. Mara mbili mkono ulikwenda wenyewe kwenye chekeche, mara mbili akaurudisha. Mtu aliyezoea kufanya kazi, kukaa bure kunamchosha kuliko kubeba matofali.

Alhamisi Mkuu alivua koti, akajaribu kuchekecha mwenyewe. Alipiga chafya tisa mfululizo, akamwaga trei moja, akachanganya lebo mbili. Mama Chekeche hakumcheka. Alisema tu, "Hilo lishikilie kwa chini, la sivyo litakuumiza kifundo cha mkono." Mkuu aliliweka chini. Viatu vyake havikuwa safi tena.

Saa tisa alirudi, safari hii na chupa ya asidi kutoka stoo. Alichukua kikombe cha shamba la plau, akadondosha tone moja, la pili, la tatu. Udongo ukavimba, ukapanda, ukamwagikia mkono wa shati lake. Alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyezomewa na paka. Akadondosha tena. Ukachemka tena.

"Sijawahi kuona," akasema polepole. "Kumi na miwili, sijawahi."

Mama Chekeche angeweza kumtia pilipili kwenye kidonda. Alimwangalia tu, akamwona kama mtoto wa mtu aliyepotea njia mbali na kwao. Akasimama, akalitungua chekeche.

"Basi tuanze. Na ule wa kwangu uwekewe matone vilevile, isije ikasemwa nimejipendelea."

Walifanya kazi wawili mpaka muda wa kufunga. Vikombe viliingia kwenye tanuri kukauka, na Ijumaa mashine ikachoma. Mchana Mkuu alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ripoti mpya, mhuri bado unang'aa. Ya pili ilikuwa barua ya onyo kwa kukataa kazi siku mbili, na chini yake sababu imeandikwa kama alivyotaka: alidai matone ya asidi.

"Ilibidi niiandike, mama. Kanuni ni kanuni."

"Sawa tu, Mkuu. Nami ilibidi nikae." Alizipokea zote kwa mikono miwili. Akapiga hatua moja, akarudi. "Na ule mstari ulioukata kwenye orodha ya kazi?"

"Nimeurudisha."

"Nitauangalia mwenyewe ukutani," akasema, na aliuangalia. Mara mbili.

Jumamosi trekta lilisikika kabla halijaonekana. Bwana Plau alikuwa amekaa juu ya madigadi ya tairi la nyuma kama bwana harusi. Kwenye mwanya wa ua wa miiba alimkuta shemeji yake amesimama, na pembeni mama mkwe amekalishwa kwenye kigoda, fimbo magotini, binti amemshikia mwavuli wa jua.

"Tupisheni, trekta halina breki nzuri!"

"Wewe unazo," alisema mama mkwe. "Shuka."

Akashuka. Dereva akazima injini. Binti alipewa karatasi, akasoma kwa sauti ya darasani: shamba la plau, kaboni sifuri nukta nne. Malisho, sifuri nukta tano. Mtelemko uliopumzishwa, sifuri nukta tisa, na naitrojeni yake zaidi ya mara mbili ya shamba la plau.

Bwana Plau aliinyakua, akaitazama mbele na nyuma. "Yaani mimi ndiye wa mwisho? Hata chini ya malisho ya mbuzi?"

"Hata chini ya mbuzi," alisema mama mkwe.

"Lakini sifuri nukta tisa ni nini? Haifiki hata moja! Shemeji, miaka tisa unatambia nukta tano zaidi yangu?"

Mama Chekeche alijua kwamba ni kidogo. Alikuwa amekesha na ile tarakimu kichwani tangu jana. Katika nchi kama ile udongo hujaa kwa mwendo wa kobe, na siku moja ya plau inatosha kuurudisha nyuma. Ndiyo maana aliweka mkono kiunoni na kuziba mwanya wote kwa mwili wake, ambao haukuwa mkubwa.

"Nukta tano kwa miaka tisa, ndiyo. Nipe mingine tisa. Na wewe umelima miaka hiyohiyo, una kipi cha kunionyesha zaidi ya ukuta wa mama?"

Dereva wa trekta aliinamia usukani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mama mkwe alipiga fimbo chini. "Geuza hilo dude. Nimesema ni yake, ni yake."

Trekta liligeuka kwa shida, likavunja tawi moja la ua. Bwana Plau alifuata kwa miguu, na kufika njiani akageuka. "Kiangazi kikikaza, utaniuzia nyasi?"

"Njoo na mundu. Ukija na jembe, rudi nalo."

Alipotokomea, Mama Chekeche aliburuta tawi jingine la miiba akaliziba pengo. Mwiba ulimwingia kidoleni, akaufyonza na kutema. Wakaanza kushuka, mama mkwe katikati, binti na mwavuli. Walikuwa wameshafika njiani aliposimama ghafla.

"Nini tena, mama?" binti akauliza.

"Ule ua. Sijui kama nimeukaza."

"Umeukaza. Nimekuona."

"Nakuja sasa hivi," akasema, na akapanda tena mtelemko.